Ayala wa Uskoti: safari ya kuonja nyama ya milimani

Nimerudi Dodoma. Kurasa za daftari langu la safari zimeshikana kwa mafuta, na picha za kwenye simu ndizo zinazonikumbusha lipi lilitangulia lipi. Tangu nirudi, wateja wangu wa nyama choma wananiuliza swali moja tu: nyama ya yule paa mkubwa wa Ulaya inafanana na swala wetu? Jibu lake ni refu kuliko muda wa kugeuza mshikaki, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Mimi ni mzaliwa wa Itigi, kwenye njia ya kwenda Rungwa. Nyamapori nimekula tangu sijaota meno yote: mgawo wa wawindaji wenye vibali ukifika kijijini, akina mama walikuwa wanajua kwa harufu tu leo ni nyati au ni kongoni. Sasa napika kwa biashara, na tangu kanuni za mabucha ya nyamapori zilipotoka mwaka 2020 nimekuwa mteja wa kudumu wa bucha hizo. Kwa hiyo nilikwenda Uskoti na ulimi wenye kumbukumbu.

Kwanza jina. Wengi humwita kulungu, lakini kulungu wa kwetu, ambaye wengine humwita pongo, ni yule mwenye madoa na mistari anayejificha vichakani. Pembe zake ni za kudumu. Huyu wa Ulaya pembe zake zina matawi kama mti, huanguka kila mwaka na kuota upya. Jamii yake si ya asili kusini mwa Sahara. Barani Afrika wako wa asili kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Nitamwita ayala, jina tunalolijua kutoka Zaburi ya 42.

Alhamisi 17 Oktoba 2024, Glasgow

Habari za ndege naziruka. Dada yangu anaishi Glasgow mwaka wa kumi na moja sasa, ameolewa na Mskoti, na shemeji ndiye aliyepanga safari yote ya milimani. Viza ya matembezi ya miezi sita ilinigharimu paundi 115. Siku zile paundi moja ilikuwa kama shilingi 3,500, kwa hiyo jizoeze kuzidisha kabla hujaagiza hata kikombe cha chai.

Usiku huo dada alipika ayala wa dukani: pakti ya gramu 350 kwa paundi 6 na nusu, vipande vya mchuzi. Aliiunga kwa kitunguu, nyanya na tangawizi kama anavyounga nyama ya ng'ombe, tukala na ugali wa sembe kutoka duka la Waafrika. Nilitafuna nikisubiri ladha ya pori ifike kinywani. Haikufika. Nyama ilikuwa laini, safi, tamu kwa mbali, mithili ya ndama aliyekonda.

"Mdogo wangu, mbona umenyamaza?" dada akauliza.

Nikamwambia kweli: hii ni nyama nzuri, lakini sijasikia pori. Shemeji akaenda kuitoa pakti kwenye pipa la taka, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Mnyama alifugwa, tena alitoka New Zealand.

Hili atakayekwenda alishike. Baadhi ya nyama ya ayala madukani Uingereza ni ya kufugwa, na nyingine huletwa kutoka mbali. Anayekula majani ya malishoni na pumba hawezi kuwa na ladha ya anayekula magome na vichaka. Kama unataka wa porini, tafuta neno hilo kwenye karatasi ya pakti, au nenda bucha ndogo uulize ameuawa wapi na lini. Muuzaji wa kweli atakujibu bila kusita.

Ijumaa 18 Oktoba, Glasgow

Asubuhi tulifanya hivyo hivyo. Bucha ya mtaa wa magharibi ilikuwa na paja la ayala wa milimani, na muuzaji akatutajia hadi bonde alilotoka. Tukanunua kilo moja na robo, paundi 21.

Dada alikuwa amemwalika jirani yake, mzee wa Kizanzibari aliyefika Glasgow kabla ya mimi kuzaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za Bara?"

Alipoambiwa kuna nyama ya kuwindwa akauliza kwa upole kama aliyefyatua risasi alitaja jina la Mungu. Hatukujua, wala hatukutaka kumdanganya. Basi akala wali, mchicha na samaki, na dada alikuwa ameshatenga sufuria yake mapema. Lakini mazungumzo ya nyama yalimnoga kuliko sisi. Alitusimulia paa nunga wa kusini mwa Unguja, jinsi wazee walivyokuwa wakimsaka kwa nyavu na mbwa, na nyama yake ndogo iliyokuwa ikipikwa kwa tui. Siku hizi paa nunga wamebaki wachache na wanalindwa, na mzee mwenyewe alisema ni bora iwe hivyo. "Utamu wake ninao hapa," akagusa koromeo, "unanitosha."

Paja la bonde lile nililichoma kwenye oveni. Nitalirudia mbele, kwa sababu usiku ule sikulielewa. Nililikausha. Lilikuwa na ladha ya maini yaliyopita moto, na kosa lilikuwa langu, si la mnyama.

Jumamosi 19 Oktoba, Pitlochry

Treni ya kutoka Glasgow kwenda Pitlochry huchukua kama saa moja na dakika arobaini hivi, na tiketi yangu ilikuwa paundi 22. Gari la shemeji lilikuwa gereji. Baada ya Perth mashamba yanaisha, misitu inaanza, na mwezi Oktoba majani yake yamekuwa ya rangi ya binzari na ya matofali. Nilipiga picha sitini kupitia dirishani na zote zina kivuli cha kofia yangu.

Chumba cha kulala na kifungua kinywa kilikuwa paundi 85 kwa watu wawili. Dada alibaki Glasgow kazini, tukasafiri mimi na shemeji. Jioni tukaingia mgahawa mdogo wenye mbao chakavu sakafuni. Kwenye orodha kulikuwa na yule ayala mdogo wa misituni, roe kwa jina la huko. Huyu ni mwenyeji wa asili wa Uskoti kama ayala mwekundu, yule mkubwa wa milimani, ila ana uzito wa kilo 10 hadi 25 tu. Ukitaka kumpiga picha akilini, mfikirie nsya wetu aliyerefuka miguu. Anaishi kwa kudonoadonoa: machipukizi, majani ya miti, matunda ya mwituni. Hali majani makavu ya kujaza tumbo.

Sahani ilikuwa paundi 24. Vipande vitano vya sarara, nje vimeungua vizuri kwenye siagi, ndani vyekundu. Kwetu ningeirudisha jikoni. Nikakumbuka paja la jana, nikaacha ubishi, nikala.

Hapo ndipo nilipokutana na swala pala. Nasema kweli, niliweka uma chini. Nyuzi za nyama zilikuwa fupi, nyembamba, zinaachiana bila kuvutana, utamu unakuja mwanzoni na harufu ya majani inafuata mwishoni ukishameza. Swala pala wa kiangazi, kabla majani hayajaisha kabisa, ana mpangilio huo huo. Tofauti ni kwamba swala anaacha ukavu kidogo ulimini na huyu anaacha unyevu. Kama kuna mtu anataka jibu fupi la swali la wateja wangu, ni hili: ayala mdogo ndiye ndugu wa swala kwa ladha. Ayala mwekundu ni habari nyingine.

Tulipotoka, kutoka msitu wa ng'ambo ya mto, tukasikia ngurumo. Nilimshika shemeji mkono. Ilikuwa kama simba aliyepaliwa, kisha kama ng'ombe, kisha kimya. Akaniambia ni dume la ayala mwekundu. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwisho wa Oktoba madume yanagombea majike, hayali sawasawa, yananguruma usiku kucha.

Jumapili 20 Oktoba, Pitlochry bado

Siku hii tulitakiwa tufike Newtonmore, ambako rafiki wa marehemu baba yake shemeji alikuwa anatungoja. Dhoruba ikatuwahi. Waliipa jina la Ashley, ya kwanza kupewa jina msimu ule, na upepo wake ulikuwa unabeba matawi barabarani kama karatasi. Treni yetu ilifutwa, basi likafutwa, na saa tano asubuhi tulikuwa stesheni na mabegi, tumelowa hadi soksi.

Mwanamke mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe stesheni, naye hakumpata, akatuona. Hakutuuliza majina. Alituchukua kwenye gari lake hadi nyumbani, akatundika makoti yetu juu ya jiko, akatupa supu ya mboga na shayiri. Tulikaa kwake kwa muda wa saa sita. Alipojua ninachofuata alifungua friza akatoa ndege wawili waliokwisha nyonyolewa na kusema, basi leo ujue kwamba porini si wenye kwato tu.

Mmoja alikuwa fezanti. Huyo ni kama kanga wetu, ila kanga ana uhai zaidi: kidari kikavu ukikizidishia moto, mapaja magumu yenye utamu. Wa pili alikuwa grausi, ndege wa milima ya juu, ambaye chakula chake kikubwa ni machipukizi ya heather, kichaka kifupi cha maua ya zambarau kinachofunika milima yao. Nyama yake ni nyeusi. Inaanza kama ini, halafu uchungu unapanda puani, uchungu wa majani hasa, kama mtu amechanganya mlenda wa porini na damu. Sina wa kumlinganisha naye. Kwale wetu ni mpole mno kwake. Nilimaliza bawa na paja, na nilipoomba radhi kwa kuacha kidari, mwenyeji wetu akasema hata mumewe alihitaji miaka minne kumzoea.

Alikataa fedha. Tulimwachia pakiti ya chai na nusu ya pilipili kichaa nilizotoka nazo nyumbani, na nikamwandikia namna ya kuzitumia.

Kwa wenye kupanga safari: Jumapili usafiri wa nyanda za juu ni mchache hata bila dhoruba. Usipange jambo kubwa asubuhi ya Jumatatu ukitegemea treni ya Jumapili. Sisi tulikosa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda majike, unaoanza tarehe 21 Oktoba na kwenda hadi tarehe 15 Februari.

Jumatatu 21 Oktoba, Newtonmore

Treni ya mchana ilipita. Njia inapanda hadi mita 452 pale Drumochter, kilele cha reli hiyo. Dodoma iko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, lakini kule mlima umevuliwa nguo: hakuna mti, ni majani ya kahawia, maji meusi na mawe, na upepo unaosukuma behewa.

Mzee alitupokea stesheni na gari lenye matope hadi kwenye kioo. Amefanya kazi ya kuwaongoza wawindaji miaka arobaini, na bado anaitwa msimu ukianza. Hakunipeleka nyumbani kwanza. Alinipeleka kwenye chumba cha nyama.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu chumba hiki ndicho kilichonifunza zaidi kuliko sahani zote. Ni banda la mawe lenye vigae vyeupe ndani, wavu wa nzi madirishani na mashine ya baridi. Digrii 3, nilisoma mwenyewe. Ayala sita walikuwa wananing'inia kwa miguu ya nyuma, wametolewa matumbo lakini ngozi wanazo, kila mmoja na kibandiko chenye namba, tarehe, mahali na jina la aliyepiga. Nilivuta pumzi nikisubiri vumba. Hakukuwa na vumba. Kulikuwa na harufu ya chuma baridi na majani makavu.

"Siku ngapi?" nikauliza.

Siku saba kwa jike, hadi kumi au zaidi kwa dume kubwa, alisema, kama baridi haipandi. Katika siku hizo nyama yenyewe inajilainisha, misuli iliyokaza inaachia, na maji yanapungua ladha inakolea.

Nilisimama pale nikafikiria Itigi. Kwetu mnyama akianguka saa nne asubuhi, jua linaanza kumpika kabla hujamaliza kunoa kisu. Tunawahi. Tunachemsha siku ile ile, au tunachana vipande na kuanika, na tuko sahihi, kwa sababu ukingoja inaharibika. Lakini ina maana kwamba nyama yote ya nyati niliyowahi kuiita ngumu niliila ikiwa bado imekakamaa.

Kwenye kona alining'inia dume mmoja aliyepigwa tarehe 14, katikati ya msimu wa kupandana. Shingo imevimba, manyoya ya tumboni meusi. Msimu huo madume hujikojolea na kugaagaa kwenye matope ili majike wasikie harufu yao. Mzee alinisogeza karibu. Beberu! Kila mfugaji wa Dodoma angeitambua harufu ile akiwa amefumba macho. Huyo, alisema, ni wa kusaga na kutia viungo vingi. Madume mazuri ni ya Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, yakiwa na mafuta mgongoni. Kwa hiyo ukila ayala mwezi Oktoba na kumchukia, uliza kwanza alikuwa nani na alipigwa lini.

Jumanne 22 Oktoba, mlimani

Jua lilichomoza karibu saa mbili. Tulikuwa tumeshatembea saa nzima. Mzee, mwindaji aliyelipia siku yake, shemeji, na mimi nyuma kabisa nikiwa nimevaa koti la mtu mwingine. Siku ya kuongozwa hivi hugharimu mamia ya paundi. Mimi nilikuwa mgeni wa mzee na nililipia kwa kubeba kamba na chakula.

Ukiwa mtembezi wa kawaida, sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inakuruhusu kupita karibu kila mahali kwa heshima, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi, ila msimu wa uwindaji soma mabango na ufuate njia unazoombwa ufuate. Na jikague kupe jioni, nyuma ya magoti na kwenye mkanda wa suruali, maana wanaambukiza ugonjwa wa Lyme.

Njiani nilimuuliza mzee wanyama hawa ni wa nani. Kwetu mnyama wa porini ni mali ya serikali, na bila kibali hata nsya mmoja atakupeleka mahakamani. Kule ayala akiwa hai si wa mtu yeyote. Haki ya kumwinda inaandamana na ardhi. Na wako wengi mno, inakadiriwa wanakaribia milioni moja Uskoti nzima ukijumlisha aina zote. Mbwa mwitu wa Ulaya waliowapunguza zamani walimalizwa karne kadhaa zilizopita, kwa hiyo miche ya miti inaliwa kabla haijafika gotini. Mzee alinionyesha mti wa msonobari wenye umri wa mwanafunzi wa sekondari na urefu wa kiatu changu. Nilikuwa nimekuja kama mtu wa nyama, lakini mti ule ulinihuzunisha.

Tulitambaa mita mia mbili kwenye maji. Upepo usoni, kama tunavyofanya wote duniani. Mzee alichagua jike asiye na ndama, aliyenona, akanong'ona, na bunduki ikalia mara moja. Mita mia na arobaini. Mnyama alipiga hatua tatu. Wenzake waliinua vichwa, wakatembea, hawakukimbia.

Hilo nalo ni ladha. Mnyama aliyeanguka akiwa anakula majani na mnyama aliyefukuzwa nusu saa hawawi nyama moja. Aliyefukuzwa anakuwa mweusi, mkavu, ananata kisu. Mzee alimtoa matumbo pale pale, mikono yake ikaenda haraka kuliko nilivyoweza kuandika, akamwacha wazi baridi iingie. Nilishika ini likiwa na moto wake.

Baada ya kuvutwa hadi njiani na kupimwa, bila kichwa, miguu wala matumbo, alikuwa kilo 42.

Jumatano 23 Oktoba, Newtonmore

Ini tulikula asubuhi, limekatwa jembamba, kitunguu, siagi, chumvi. Ni tamu kuliko la mbuzi, na halina ule mchanga mchanga wa ini la ng'ombe.

Mchana mzee alikubali ombi langu ambalo lilimshangaza. Nilitaka kipande cha sarara ya jike wa jana, kisichopumzika, nikile kama tunavyokula nyumbani. Nilikichoma juu ya makaa kwa chumvi tu. Ladha ilikuwepo: nzito, ya damu, chuma chuma, karibu sana na kongoni. Lakini meno yalifanya kazi. Nyuzi zilikataa kuachana. Nikacheka kwa furaha, kwa sababu ile ndiyo nyama ya utoto wangu, mlima kwa mlima, bara kwa bara.

Na mafuta! Nilikula kipande chenye mafuta meupe ya mgongoni, kikaganda kwenye kaakaa kama nta ya mshumaa kabla sijafika kwenye tonge la pili. Hapa pofu anamshinda. Mafuta ya pofu yanayeyuka na kukaa kama ya ng'ombe wa Mpwapwa, unaweza kuyala na ugali. Ya ayala yaondoe, au yale yakiwa ya moto kabisa.

Siku mbili zilizofuata ni mvua, treni, na mimi kusinzia kwenye kiti.

Ijumaa 1 Novemba, Glasgow

Shemeji alikwenda na gari lake lililopona, akarudi na sehemu yetu ya yule yule jike. Siku kumi tangu mlimani. Rangi ilikuwa imegeuka kutoka nyekundu ya damu kuwa ya zambarau iliyokolea, na nje kuna ukoko mkavu ambao dada aliuparua kwa kisu.

Safari hii sikurudia kosa la paja. Sarara ilikaa mezani hadi ikaacha baridi ya friji. Nikaifuta maji, chumvi, kikaango cha chuma kinachotoa moshi, dakika mbili kila upande, siagi mwishoni. Kisha nikaiacha ipumzike dakika tano huku dada akinisukuma kwa kiwiko.

Mnyama yule yule. Kidole gumba kilitosha kuikata. Uchuma umepungua, utamu umepanda, na nyuma yake kuna kitu kama njugu mawe zilizochemshwa, kisha majani ya mlimani. Si kongoni tena. Ni kati ya pofu kwa ulaini na nyumbu mchanga kwa uzito, ila harufu yake ni ya peke yake. Nyati hakaribii hapo. Nyati ni ng'ombe mwenye hasira. Ngiri yuko upande wa nguruwe kabisa, hatuwezi kumweka kwenye mizani hii. Tulikula na ugali na mlenda mkavu nilioubeba kutoka nyumbani, na shemeji, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akiukwepa mlenda, aliongeza.

Nilitamani nimletee mama kipande. Usijaribu. Uingereza hairuhusu msafiri kuingia na nyama kutoka kwetu, na huku nako nyama bila vibali vya mifugo itakamatwa uwanjani. Nilimletea picha, na mfuko wa karatasi wenye ua kavu la heather.

Dodoma, Novemba

Wiki iliyopita nilikwenda bucha ya nyamapori nikamweleza muuzaji habari ya chumba cha mawe chenye digrii 3. Alisikiliza akiwa ameshika panga hewani. Kisha akauliza, "Kaka, siku saba bila kuuza? Nani atalipa umeme?"

Nikamwambia nitalipa mimi. Tumekubaliana paja moja la pofu, lenye risiti yake, kwenye kona ya chumba chake cha baridi ambako mlango haufunguliwi mara kwa mara. Nimenunua kipimajoto. Linaning'inia tangu Jumatatu, na mama anapanda basi Itigi kesho kutwa.